Kufuga sisimizi maseremala (Camponotus) nyumbani: uzi wa wanaoanza na malkia mmoja

MfugajiKihonda:

Wakuu, habari za majukumu.

Vuli imeanza, na kila mvua ikinyesha jioni napata swali lile lile: "Nimeokota sisimizi mkubwa chini ya taa ya nje, nimfanyeje?" Naona ni bora niweke yote mahali pamoja, kila mwenye nia asome, aulize, na wenye uzoefu waongezee.

Nazungumzia jenasi ya Camponotus tu, sisimizi maseremala. Ni jenasi kubwa, ina spishi zaidi ya 1,000 duniani. Huku kwetu wanaojulikana sana ni wa kundi la Camponotus maculatus, wale wa hudhurungi wenye miguu mirefu na madoa ya njano tumboni, wanaoingia jikoni usiku kufuata sukari. Ni wapole kuwafuga, wakubwa kiasi cha kuonekana vizuri kwa macho, na hawana mwiba. Wanachoweza ni kuuma kwa taya na kunyunyiza asidi ya fomiki kwenye jeraha, inawasha kidogo halafu inaisha.

Msimamo wangu nauweka mapema: koloni changa, yaani malkia na watoto wake wa kwanza, huuawa zaidi na mkono wa mwenye nalo kuliko njaa au ugonjwa. Kufunua, kutikisa, kuhamisha, kulisha asiyehitaji kulishwa. Ukiweza kujizuia miezi miwili ya kwanza, sehemu ngumu umeimaliza.

Tuanze na kumtambua malkia, maana hapa wengi hukosea. Usitazame ukubwa peke yake. Maseremala wana wafanyakazi wa saizi tofauti ndani ya kiota kimoja, na wale wenye vichwa vikubwa hudhaniwa malkia kila siku. Tazama kifua. Mfanyakazi ana kifua chembamba, na ukimwangalia kwa upande mgongo wake ni mkunjo mmoja laini. Malkia kifua chake ni kinene, kimetuna, kwa sababu ndimo ilimokaa misuli ya kurukia. Akishayakata mabawa utaona makovu madogo ubavuni pale yalipokuwa yameshikilia. Kiuno chake kina kifundo kimoja tu.

Taa ya nje huvuta wadudu wengi, kwa hiyo ujue na wasiohusika. Kumbikumbi hana kiuno, na mabawa yake manne yanalingana urefu. Yule ni wa mchwa. Mdudu mnene wa kahawia mwenye tumbo refu, anayejigonga kwenye taa na kuanguka chini, ni dume la siafu. Na ukikutana na mweusi mkubwa anayenuka vibaya ukimgusa, huyo huenda ni Paltothyreus tarsatus. Ana mwiba na anautumia. Mwache apite.

Malkia ukimpata akitembea chini bila mabawa, uwezekano ni mkubwa kuwa ameshapandwa. Dume alikutana naye siku hiyo hiyo, mbegu ameshazihifadhi tumboni na atazitumia maisha yake yote. Hahitaji dume tena.

Makazi ya kwanza ni testi tyubu. Maduka ya vifaa vya maabara wanaziuza. Chukua yenye upana wa milimita 16 hadi 20. Weka maji mpaka theluthi moja, sukuma pamba safi mpaka iguse maji na ilowe bila kuacha mapovu ya hewa, muingize malkia, kisha ziba mdomo kwa pamba nyingine isiyobana sana ili hewa ipite. Ilaze kwenye kisanduku chenye kitambaa chini, funga, weka mahali pa giza pasipo na mtikisiko. Joto la nyuzi 24 hadi 28 linamfaa. Morogoro joto hilo lipo lenyewe ndani ya nyumba. Wa Njombe na Limuru mtahitaji kumtafutia sehemu yenye uvuguvugu.

Halafu usimlishe.

Najua inaumiza roho, lakini ndivyo alivyoumbwa. Misuli ile ya mabawa haina kazi tena, mwili wake unaiyeyusha pamoja na mafuta aliyoweka, na kutokana na hapo anatengeneza mayai na chakula cha mabuu wa kwanza. Porini anajifungia shimoni hatoki. Asali utakayompa itaota ukungu, na mlango utakaofungua kumpa hiyo asali utamtia hofu. Malkia mwenye hofu hula mayai yake.

Mchunguze mara moja kwa wiki, si zaidi, kwa mwanga mwekundu. Kipande cha selofani nyekundu kwenye tochi kinatosha, kwa kuwa sisimizi hawaioni vizuri rangi hiyo. Utaanza kuona mayai machache yaliyoshikana, kisha mabuu weupe, kisha vifukofuko vya rangi ya maziwa ya mgando, ambamo mabuu hugeuka kuwa sisimizi kamili. Kutoka yai hadi mfanyakazi wa kwanza ni kati ya wiki 6 na 10, joto likipungua muda unarefuka. Wafanyakazi hao wa kwanza watakuwa wadogo kuliko wa kawaida, kwa sababu mama aliwalea kwa akiba ya mwili wake. Ni sawa, hawana kasoro.

Wakishatoka, ndipo jikoni kunafunguliwa. Kijiko kimoja cha asali kwa vijiko vitatu vya maji, tone dogo kwenye kipande cha plastiki, si kwenye pamba yao. Na protini: mguu wa panzi, kipande cha nyenje, nusu kumbikumbi. Tone la asali libadilishwe kila baada ya siku mbili kabla halijachacha. Wadudu wa kuwapa usiwachukue kwenye nyumba au shamba lililopulizwa dawa. Wachovye kwanza kwenye maji yanayochemka sekunde chache, inaua utitiri. Utitiri ukiingia kwenye koloni la wafanyakazi kumi, hakuna dawa nitakayokuambia.

Nitaendelea na kiota baadaye. Maswali yakaribie.

fundi_chuma:

Mkuu heshima kwako. Mimi nilikuwa nafikiri malkia anapewa chakula kingi zaidi ya wote. Swali: testi tyubu huku kwetu sijaziona. Bomba la sindano linafaa?

MfugajiKihonda:

Linafaa, ndugu. La mililita 20 au 50, jipya, bila sindano. Shida yake ni kwamba plastiki yake haionyeshi ndani vizuri, na malkia mkubwa kwenye la mililita 20 atabanana watoto wakianza kuongezeka. Tumia kuanzia, siyo kukaa.

Bi_Mwanakheri:

Assalam aleikum. Kaka, mimi ni mama wa nyumba Tanga, mwanangu wa kidato cha pili ameleta habari za kufuga hawa wadudu na ameshamfungia mmoja chumbani. Paa la nyumba yetu ni la mbao na boriti. Hao unawaita maseremala. Wakitoroka si watanilia paa?

MfugajiKihonda:

Waaleikum salaam, dada. Hofu yako ni ya haki, nikujibu kwa kirefu.

Anayekula mbao ni mchwa. Tumboni mwake mna vijidudu vinavyomsaidia kuyeyusha mbao, kwa hiyo kwake ubao ni chakula. Sisimizi seremala hali ubao. Anauchimba apate vyumba vya kulelea watoto, na unga wa mbao anautoa nje anautupa. Anachopenda ni mbao iliyolowa au iliyooza, laini kwa taya. Wanaosumbua nyumba kweli ni wa nchi za baridi, hasa Camponotus pennsylvanicus wa mashariki mwa Marekani, ambako nyumba nyingi ni za mbao tupu, na hata kule mara nyingi unakuta kwanza bomba linavuja au paa linapitisha maji. Wale wa kundi la maculatus hapa kwetu mara nyingi wanakaa ardhini, chini ya mawe na magogo yaliyooza. Ukikuta unga wa mbao chini ya boriti zako, kagua kwanza kama paa linavuja.

Malkia mmoja ndani ya testi tyubu si hatari kwa paa. Mwache kijana. Ila mpe sharti: asiachie koloni nje mahali tofauti na alikomwokota. Akichoka, amrudishe alikomtoa.

Bi_Mwanakheri:

Ahsante, nimepumua. Nitamwambia. Amemweka juu ya friji kwa sababu kuna joto.

MfugajiKihonda:

Hapo juu ya friji amtoe leo, dada. Mashine ya friji inatetemesha usiku kucha. Sisimizi hawasikii sauti za hewani kama sisi. Wanachohisi ni mtikisiko unaopita kwenye kitu walichokanyaga. Maseremala wenyewe huutumia kwa kupeana taarifa ya hatari, wanagonga kuta za kiota kwa taya na tumbo, na ukiwa na koloni kubwa kwenye kiota cha mbao unaweza kuusikia ugongaji huo kwa sikio. Sasa malkia aliye juu ya friji anapokea mtikisiko usioisha. Amuweke ndani ya kabati la nguo, chini kabisa.

KijanaWaNaivasha:

Niaje wakubwa. Mimi naangalia huu uzi nikiwa Kenya na lazima niseme kitu. Huku mambo ya sisimizi yalifika kortini. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walishikwa kaunti ya Nakuru na sisimizi kama 5,000, wengi wao malkia, kwenye testi tyubu na pamba, vile vile unavyoeleza hapo juu. Wengine wawili pia walishtakiwa na mzigo mdogo. Mei 7 korti ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi, ikawatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni 1 ama jela miezi 12. Hao walikuwa Messor cephalotes, wale wavunaji wakubwa wekundu, si Camponotus. Lakini KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilisema wazi ni uporaji wa rasilimali za kibaolojia. Watu wasome huu uzi wakijua hilo.

MfugajiKihonda:

Nashukuru sana, kaka, umeliweka vizuri. Ile kesi iliniuma, na bado inaniuma. Messor cephalotes anakusanya mbegu za nyasi, nyingine zinamponyoka njiani zinaota. Ni sehemu ya jinsi mbuga inavyojipanda. Malkia mmoja ni koloni zima la miaka mingi ijayo. Anayeondoa malkia elfu kadhaa kutoka eneo moja ameondoa makoloni elfu kadhaa, na kwa soko la Ulaya ambako mnunuzi hajui hata Nakuru iko wapi.

Kwa hiyo kanuni ya uzi huu: malkia mmoja au wawili, kutoka uani kwako. Si kutoka hifadhini. Hakuna kuuza, hakuna kutuma kwa posta, hakuna kuvuka naye mpaka, hata kama ni zawadi kwa rafiki. Mwenye utafiti wa kweli aende kwa mamlaka za wanyamapori achukue kibali. Ukiuliza bei hapa sitakujibu.

Hamburg255:

Naunga mkono kwa asilimia zote. Mimi nipo Ujerumani, nafuga Camponotus ligniperda, ni wa huku huku, kichwa cheusi na kifua chekundu. Wadogo zangu msidanganyike na kwamba wa Afrika ndio wazuri.

Niongeze jambo moja kwa Waswahili walio Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Sisimizi wa huku wana majira ndani ya mwili. Ligniperda na Camponotus herculeanus vuli ya huku ikikaribia wanasimama wenyewe: malkia hatagi mayai, mabuu hawakui, hata ukiwawekea joto la nyuzi 26. Wakati huo wanatakiwa baridi, nyuzi 5 hadi 8, kuanzia Oktoba hadi Machi hivi. Mimi nawaweka kwenye friji ndogo, sehemu ya chini, pamba ikiwa na maji. Ukiwanyima hicho kipindi miaka miwili mitatu koloni linadhoofu. Na ukuaji ni wa polepole, mwaka wa kwanza unaweza kuwa na wafanyakazi kumi tu. Usikate tamaa.

MfugajiKihonda:

Hili ni muhimu, mkuu. Na kinyume chake kwa tulio huku: wa Tanga na Morogoro msije mkawatia kwenye friji kwa kusoma maelekezo ya Ulaya. Wetu hawana usingizi wa baridi. Kipindi cha Juni na Julai watapunguza kasi kidogo, basi.

Sasa kiota, kama nilivyoahidi.

Wasihamishwe mapema. Testi tyubu inawatosha mpaka wafanyakazi 20 au 30, na chumba kikubwa kwa familia ndogo wanakigeuza jalala: wanatupa taka pembeni, ukungu unaota, na wewe unaanza kufunua kusafisha. Wakifika idadi hiyo, tafuta unga wa jipsamu kwa mafundi wa siling. Koroga na maji uwe uji mzito, mimina kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaoonyesha ndani, ukiwa umeweka vipande vya udongo wa mfinyanzi mahali unapotaka vyumba. Ikikauka toa udongo, acha siku kadhaa ipoe na ikauke kabisa. Vyumba viwe vya kina kidogo, sentimita moja hadi moja na nusu. Upande mmoja uwe unaulowesha kwa maji, upande wa pili ubaki mkavu. Maseremala wengi hupenda ukavu kuliko watu wanavyodhani, vifukofuko hasa wanavipeleka pakavu na penye joto, lakini mayai wanayaweka karibu na unyevu. Ukiwapa pande zote mbili watachagua wenyewe, na ukitazama walipoweka watoto utajua wanataka nini.

Kiota kiunganishwe kwa mpira mwembamba wa plastiki na uwanja wa kulishia, ndoo ndogo au boksi la plastiki. Kuzuia wasitoroke, changanya poda ya talki na spiriti ya dukani iwe kama rangi nyepesi, paka ukanda wa vidole vitatu karibu na ukingo wa juu kwa ndani. Spiriti inaruka, poda inabaki, miguu inateleza. Paka dirisha likiwa wazi, na usiweke sisimizi mpaka harufu iishe. Pwani kwenye unyevu mwingi poda inashika kidogo tu. Huko tumieni mafuta ya mgando, utando mwembamba, na mfuniko wenye wavu.

Kuwahamisha hakuna kuwamwaga. Unganisha tyubu na uwanja, kiota kipya kiwe na giza, tyubu ya zamani iache kwenye mwanga. Watahama wenyewe wakibeba watoto, usiku huo huo au baada ya wiki mbili. Yote ni sawa.

MwlBaiolojia:

Natamani kila shule ya sekondari ingekuwa na koloni moja. Naomba niongeze kwa nini jenasi hii inapendwa hata na watafiti.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, waliwabandika Camponotus fellah, spishi ya Mashariki ya Kati, vibandiko vidogo vyenye alama na kuwafuatilia kwa kamera siku 41. Waliona wafanyakazi wamegawanyika makundi matatu: wanaolea karibu na malkia, wanaosafisha kiota, na wanaotoka kutafuta chakula. Kadiri wanavyozeeka wanahama kutoka kulea kwenda kusafisha, kisha kutoka nje. Kazi ya hatari wanapewa wazee.

Na 2024 timu iliyoongozwa na Erik Frank wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, ilionyesha kwamba Camponotus floridanus wa Florida wanakatana miguu kama tiba. Jeraha likiwa kwenye paja, wenzake wanalilamba kisha wanautafuna mguu juu kwenye bega mpaka unakatika, na wengi wa waliokatwa, zaidi ya asilimia 90, walipona. Jeraha likiwa chini zaidi, hawakati, wanalamba tu kwa muda mrefu. Inahusiana na jinsi damu inavyopita katika kila sehemu ya mguu. Maseremala wengi hawana ile tezi ya ubavuni mwa kifua, upande wa nyuma, inayotoa dawa ya kuua vijidudu, ambayo sisimizi wengine wanayo, kwa hiyo usafi wa mdomo kwao ni jambo zito.

MfugajiKihonda:

Mwalimu, umenifurahisha. Na hapo ndipo wafugaji wanapaswa kuelewa kulishana kwao. Mmoja akinywa tone la asali hajala peke yake. Anahifadhi kwenye tumbo la mbele na kuwagawia wenzake mdomo kwa mdomo. Ukiona watatu tu wametoka kula, usiseme wengine wana njaa. Pia ndani ya utumbo wao mna bakteria waitwao Blochmannia, wanaowatengenezea viini vya protini ambavyo chakula chao hakina. Sisimizi na bakteria hao wamekaa pamoja tangu zamani mno na malkia huwarithisha kupitia mayai. Kwa hiyo msiwawekee antibayotiki kwenye asali "kuwakinga". Nimeona mtu anashauri hivyo mahali na ni ushauri mbaya.

fundi_chuma:

Mkuu nimempata! Jana usiku baada ya mvua, chini ya taa ya geti. Kifua kinene kweli, kiuno kifundo kimoja. Shida bado ana mabawa. Nimemweka kwenye bomba na pamba. Niyakate?

MfugajiKihonda:

Hongera sana, ndugu. Usiyakate. Wako wanaoyaondoa wenyewe baada ya saa chache, wengine siku kadhaa, na wachache hulea watoto wakiwa nayo hivyo hivyo. Inawezekana pia huyo hajapandwa bado. Asiyepandwa anaweza kutaga, lakini mayai yasiyorutubishwa hutoa madume tu, na koloni halitasimama. Hakuna namna ya kujua kwa kumwangalia. Mpe wiki nne gizani. Akiwa na mayai na mabuu, endelea. Wa kwanza kutoka kwenye kifukofuko ndiye atakayekupa jibu.

fundi_chuma:

Sawa. Nimemweka chumba cha pili ambacho hakina mtu, kwenye droo. Lakini karakana yangu ipo ukuta wa pili, nakata chuma na grainda mchana.

MfugajiKihonda:

Basi droo hiyo haifai. Kama unaweza, mpeleke chumba cha mbali na karakana, na chini ya kisanduku weka sponji ya godoro unene wa vidole vinne. Pima joto la hapo asubuhi na saa nane mchana, uniletee namba zote mbili kabla hatujaamua kingine. Mpaka hapo usimfungue.